Tupeane uzoefu: ulitoa leseni ya udereva wakutambue tu, ikafika usikoituma

Mwana wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Leo nimenunua karanga za mia tano pale Uyole, njia panda ya Tukuyu. Kijana kanifungia kwenye karatasi kama kawaida yao. Nimekula hadi chini, nakunjua karatasi niitupe, nakutana na sura ya mtu. Fotokopi ya leseni ya udereva. Majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, madaraja, na pembeni kwa kalamu ya bluu mtu ameandika namba ya simu na neno "mdhamini". Nusu ya chini ya ukurasa imeshaondoka na karanga za mteja mwingine.

Ile karatasi nimeichoma. Ila imenirudisha kwenye jambo langu ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Miaka miwili nyuma giaboksi ya bajaji ilikufa. Nikapakua programu moja ya mikopo kwenye simu. Wakataka nipige leseni picha mbele na nyuma, halafu nijipige mwenyewe nimeishika chini ya kidevu. Mwisho kuna kisanduku: nakubali taarifa zangu zitumike kuthibitisha utambulisho wangu. Nikabonyeza. Nikapata laki moja na nusu. Marejesho yakachelewa siku nne. Siku ya tano dada yangu aliyeko Chunya, mchungaji wangu, abiria wangu wa kila siku, wote wametumiwa ile picha nimeshika leseni, imepigwa neno TAPELI kwa rangi nyekundu. Mama naye akatumiwa. Mama kusoma ni kwa shida, akaipeleka simu kwa jirani amsomee mwanawe kaandikwa nini.

Deni nililipa lote. Lakini niliwakubalia wanitambue, sikuwakubalia wanitembeze.

Yaliyokukuta wewe yaweke hapa.

Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene wote. Mwaka jana nilienda steshenari moja hapa Iringa kutoa kopi ya leseni na kuituma kwa barua pepe, kuna kazi nilikuwa naomba. Wiki tatu baadaye narudi pale kuchapa barua, nimekaa mbele ya ile kompyuta, naona faili lenye jina langu. Nimelifungua, leseni yangu. Pembeni yake kuna mafaili kama mia hivi ya leseni, vyeti vya kuzaliwa, kadi za NIDA, matokeo ya kidato cha nne. Mteja yeyote anayekaa pale anaona yote. Nikamwambia dada wa pale, akasema "hayo huwa tunafuta mwisho wa mwezi". Mwezi gani hakusema.

Ndizi za Kiwira

Nakazia. Steshenari ndipo panapovujia.

Bosi wa Mlandege

Naomba na sisi tunaochukua hizo kopi tusikilizwe. Nina bajaji tatu. Kijana anakuja simjui kwao, simjui mama yake, nimkabidhi chombo cha mamilioni kwa macho tu? Lazima nichukue kopi ya leseni na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kuna mmoja aliondoka na bajaji yangu hadi Makambako, nilimpata kwa sababu ya ile kopi. Mnavyoandika hapa mtu atadhani kila anayeomba leseni ni mwizi.

Mama Gesti Mafinga

Kaka, hakuna aliyesema usichukue. Swali langu moja: kijana akishaacha kazi, kopi yake inakwenda wapi?

Bosi wa Mlandege

Ipo kwenye droo.

Mama Gesti Mafinga

Droo ina kufuli?

Bosi wa Mlandege

Dada, unanihoji kama niko kizimbani. Nimetunza leseni za vijana kumi na nane na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Mama Gesti Mafinga

Watalalamikaje na hawajui kama bado unazo? Na yule wa karanga za Uyole alikuwa mdhamini wa mtu, maana yake kopi yake nayo ilianzia kwenye droo ya mtu mwaminifu. Sikutukani kaka yangu. Mimi nina gesti, naandika namba za vitambulisho vya wageni kila usiku, na daftari lilikuwa linalala mezani mapokezi. Tangu nisome huu uzi nimelitoa pale.

Semi la Mbalizi

Ndugu zangu, nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Acha niandike.

Mimi ni dereva wa malori, daraja E, zaidi ya miaka kumi nakwenda Zambia na Kongo. Kuna kundi la madereva la WhatsApp, mtu akaweka tangazo kwamba kuna tajiri anataka madereva wa Lubumbashi. Nikamfuata pembeni. Mtu mstaarabu, salamu ndefu, anakuita kaka. Akasema atanifanyia uhakiki kwanza. Akataka leseni pande zote mbili, ukurasa wa kwanza wa pasipoti, na nimwandikie kwamba naridhia taarifa zangu zihakikiwe. Nikaona huyu anajua kazi, hata ruhusa anaomba. Nikaandika: "Naridhia." Baada ya hapo kimya. Nikapata tajiri mwingine, nikasahau.

Miezi minane ikapita. Nimetoka Kitwe usiku, nimelala nyumbani Mbalizi. Alfajiri mlango unagongwa. Mwenyekiti wa mtaa na askari wawili wa upelelezi. Mwanangu wa darasa la tatu kasimama na sare ya shule anatazama baba yake anavyofungwa pingu.

Kituoni wakanionyesha kopi. Leseni. Jina langu, namba yangu, tarehe yangu ya kuzaliwa. Sura si yangu. Nikashusha pumzi, nikajua nimepona. Mpelelezi akaniambia, "Sura inaweza kuwa ya mwenzako uliyempa leseni yako." Ndipo wakanieleza. Kuna mama mfanyabiashara wa mchele kule Ubaruku, Mbarali. Alipakia gunia mia mbili themanini kwenye semi, zinakwenda Tandale, Dar. Kabla ya kupakia alimdai dereva leseni, akaipiga picha, akampigia mwanawe akamsomea jina na namba. Alifanya kila kitu ambacho sisi hapa tungemwambia afanye. Mzigo haukufika. Namba za gari za bandia, simu imezimwa, kilichobaki mkononi mwake ni jina langu.

Siku ya pili wakamleta. Mama wa umri wa mama yangu, kajifunga kitenge, hajalala. Akanitazama muda mrefu sana. Akasema, "Siyo huyu." Moyo wangu ukafunguka. Kisha akaongeza, "Lakini huyu anamjua." Ndugu zangu, mahabusu si kitu. Baridi ya sakafu ya Mbeya mwezi wa saba si kitu. Yale maneno ya yule mama ndiyo yaliyoniliza, kwa sababu nilimwona hadanganyi. Anaamini kabisa nimemla jasho lake.

Mpelelezi akachukua simu yangu, akarudi nyuma hadi kwenye yale mazungumzo. Akasoma kwa sauti: "Naridhia." Akaniuliza, "Hili neno ulimpa nani? Jina lake kamili? Anakaa wapi?" Sikuwa na jibu hata moja. Yeye alikuwa na maisha yangu yote, mimi nina picha yake ya wasifu, ua la waridi.

Kilichonitoa ni pasipoti. Mhuri wa kutoka Tunduma umegongwa siku mbili kabla mchele haujapakiwa, na wa kurudi siku tisa baadaye. Tajiri wangu akaleta na rekodi za GPS za gari. Nilitoka baada ya usiku mbili, lakini niliripoti kituoni kila Jumatatu kwa miezi mitatu.

Ndizi za Kiwira

Ee Bwana. Ndugu, pole sana.

Mnyalukolo wa Kihesa

Nimesoma mara mbili. "Lakini huyu anamjua." Pole kaka.

Konda Mstaafu

Pole mkuu. Ndiyo maana mimi sitoi leseni kwa mtu yeyote zaidi ya trafiki. Akitaka kunijua aje Ilomba aulize, mtaa mzima wananijua.

Bosi wa Mlandege

Na kazi utaipataje mzee? Mtu wa Ubaruku atakuja Ilomba kukuulizia?

Kipanya cha Sae

Ushauri wa haraka: wote pigeni *106# muone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa mtandao wako ikafutwe.

Fundi Simu Kabwe

*106# ni nzuri lakini hiyo inasoma NIDA, haisomi leseni. Laini tangu 2019 zinasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, leseni peke yake haisajili laini. Ila msilale. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, na leseni inazo. Anayeokota kopi yako hana namba yote, lakini ana pa kuanzia. Atakupigia, atakutajia majina matatu na tarehe ya kuzaliwa, utamwamini ni mtu wa ofisini, zilizobaki utamsomea mwenyewe.

Kipanya cha Sae

Asante kwa kunisahihisha. Bado napiga kila mwezi.

Binti Sheria Mbeya

Poleni nyote. Nina machache, kwa sababu naona wengi wanadhani ukishabonyeza "nakubali" umeuza.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Anayekusanya taarifa zako lazima akueleze anazichukulia nini kabla hajazichukua, na azitumie kwa hilo tu. Ridhaa uliyoitoa unaweza kuiondoa. Ukipata madhara unaweza kudai fidia. Na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume.

Mwana wa Uyole, waliomtumia mchungaji wako picha hawakuwa wanathibitisha utambulisho wa mtu. Waliutambua walipokupa pesa, kazi ya ile leseni ikaishia hapo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni ambazo hazina kibali. Angalia kama yako imo, kisha peleka malalamiko.

Na Bosi, wewe nawe umo kwenye hiyo sheria, usikasirike.

Bosi wa Mlandege

Sijakasirika. Nataka kuelewa. Nikizichoma za walioacha kazi, halafu mmoja ikagundulika alifanya tukio wakati yuko na chombo changu, nitajibu nini polisi?

Binti Sheria Mbeya

Swali zuri. Huna haja ya kuzichoma siku anayoondoka. Mwandikie tangu mwanzo, karatasi moja: nachukua kopi hii kwa ajili ya mkataba wa chombo, nitaitunza muda fulani baada ya kuondoka, kisha nitaiharibu mbele yako. Mkubaliane muda, asaini. Na droo iwe na kufuli.

Mama Gesti Mafinga

Umeona kaka? Kufuli.

Msomi wa Iyunga

Wenzetu nao walijifunza kwa damu. Mwaka 1989 mwigizaji wa Marekani, Rebecca Schaeffer, aliuawa mlangoni kwake Los Angeles. Muuaji alimlipa mpelelezi binafsi, na yule mpelelezi akaipata anwani ya binti kwenye kumbukumbu za idara ya magari ya California. Mwaka 1994 wakatunga sheria ya nchi nzima ya kufunga kumbukumbu za madereva.

Siku hizi kuna leseni ya kwenye simu, kiwango chake cha kimataifa kilitoka 2021, ISO 18013-5. Anayekukagua anaomba kitu kimoja kimoja, na wewe unaridhia au unakataa hapo hapo kwenye simu. Akitaka kujua kama umetimiza miaka 18 anapata ndiyo au hapana, haoni jina wala siku uliyozaliwa. Linganisheni na sisi: tajiri anataka kujua tu kama dereva ana daraja E, anabaki na ukurasa mzima.

Konda Mstaafu

Hiyo ije haraka. Hata simu ya kitochi waifikirie.

Dada wa Tukuyu

Ninavyofanya mimi: kila kopi naikatiza katikati kwa kalamu, juu ya picha na maandishi, naandika "kwa maombi ya kazi tu", jina la ninayempa, na tarehe. Mama mmoja aliyefanya kazi benki ndiye aliyenifundisha. Ikiokotwa, inajulikana ilitoka kwa nani. Na kwa simu nafanya hivyo hivyo, naandika juu ya picha kabla ya kuituma.

Fundi Simu Kabwe

Huwa wanaikataa ukiichora.

Dada wa Tukuyu

Nimefanya mara sita, imekataliwa mara moja. Na aliyekataa hakuweza kunieleza kwa nini anaitaka ikiwa safi.

Semi la Mbalizi

Dada ndaga fijo. Laiti ningeandika jina la yule mtu juu ya ile picha, angalau angelazimika kunipa jina.

Mwana wa Uyole

Kaka Semi, naomba kuuliza kama haikuumizi. Mchele wa yule mama ulipatikana?

Semi la Mbalizi

Haukupatikana. Kesi iko wazi hadi leo. Yule mama alinipigia baada ya miezi mitatu, akaniambia, "Baba, nimekukosea." Nikamwambia hakunikosea, jina alilolisoma lilikuwa langu kweli. Sasa hivi akitaka gari la kupakia mzigo hunipigia mimi kwanza, ananitajia jina la dereva, namuulizia kwa wenzangu barabarani. Jana alinipigia akiwa Igurusi, kuna dereva kamkabidhi leseni. Nilimwambia asipakie hadi nimpigie tajiri wake.

Ndizi za Kiwira

Ikawaje?

Semi la Mbalizi

Alikuwa dereva halali kabisa. Wamepakia saa kumi, mida hii watakuwa wanashuka Kitonga.