Nyie mnaojibu "kwa rangi nyekundu" kwenye barua pepe za kundi, mnatuumiza

Wakuu, yamenifika shingoni, acheni leo niseme.

Kundi letu la barua pepe ni la watu wanaoandika programu. Anayejiunga anatumiwa kanuni, na ya kwanza kabisa ni kwamba tunaandikiana kwa maandishi matupu, HTML (ile lugha ya kurasa za wavuti inayotia barua rangi, fonti na picha) hapana. Haihitaji mkalimani. Mtu anaisoma, anakubali, kisha barua yake ya kwanza inatua ikiwa na fonti za mbwembwe, nembo ya kampuni, picha yake kavaa tai, na onyo la kisheria refu kuliko swali lenyewe. Mgeni tunamsamehe. Ugomvi wangu ni na wenyeji, tena wale wenye ujuzi, ambao majibu yao ndiyo tunayoyategemea.

Wiki hii mwenzetu aliuliza jinsi ya kuokoa hifadhidata iliyogoma kuwaka. Alieleza vizuri, akataja hatua alizokusudia kuchukua, mojawapo ikiwa kufuta faili za kumbukumbu za miamala ili seva iwake upya. Mtaalamu mmoja akamjibu: "Nimejibu kwa rangi nyekundu hapo chini." Ile hatua ya kufuta aliikata kwa mstari juu ya maneno, kisha akaandika kwa nyekundu hatua iliyo sahihi. Kwenye skrini yake bila shaka ilipendeza.

Mimi nasoma barua kwenye terminali, dirisha la amri linaloonyesha maandishi tu. Nyekundu haikufika. Mstari wa kukata nao haukufika. Nilichopata ni aya moja iliyovurugika, swali na jibu vimeshikana, na ile amri ya kufuta imekaa palepale, nzima, utadhani ni ushauri wa mtaalamu mwenyewe! Hifadhi yetu ya barua za zamani imeiweka hivyohivyo, kwa sababu inatunza maandishi na kuitupa HTML. Kesho keshokutwa mtu asiyetujua, hifadhidata yake imegoma, atatafuta mtandaoni, ataangukia pale, atafuta faili. Atapoteza data kwa kufuata jambo ambalo mjibuji alilikataza. Huyo tutamwambia nini, kwamba angeona rangi?

Na dawa ipo tangu enzi za Usenet, yale majukwaa ya zamani ya majadiliano mtandaoni. Unaweka alama ya > mwanzo wa kila mstari unaounukuu, unaandika jibu lako chini yake, unaondoa yasiyohusika. Nukuu ikiwa ndani ya nukuu inakuwa >>. Basi. Hata aliyechapisha barua kwenye karatasi kwa wino mweusi anajua nani kasema nini.

Utetezi nimeshausikia: "Mbona programu yangu inatuma zote mbili?" Ni kweli. MIME, viwango vya muundo wa barua pepe vilivyotoka mwaka 1992, inaruhusu barua moja kubeba sura mbili: maandishi matupu yanatangulia, HTML inafuata, na programu ya msomaji inachukua ya mwisho inayoiweza. Lakini ile sura ya maandishi matupu hukuiandika wewe. Imekamuliwa na mashine kutoka kwenye HTML yako, na mashine haina namna ya kuikamua rangi. Hukuiona, hukuihakiki, nasi wengine ndiyo tunayoisoma. Halafu wapo ambao hata hiyo hawatumi, wanaleta HTML peke yake.

Tusiandikie mate na wino upo. Fungua chanzo cha barua yoyote kati ya hizo za "Sawa, nakubaliana" uone. Maneno mawili yamezungushiwa kurasa za lebo, mitindo, na ukubwa wa fonti uliotajwa upya kila mstari. Ikiwa na nembo ndani, hiyo nembo imegeuzwa kuwa Base64, yaani picha iliyoandikwa kwa herufi, ambayo peke yake inaongeza ukubwa kwa takriban theluthi moja. Kila anayejibu anaibeba tena nembo ileile. Uzi wa mazungumzo ukifika mbali, mtu mwenye Gmail anakuta barua imekatwa mkia, kwa sababu Gmail hukata barua HTML yake ikizidi takriban kilobaiti 102. Yaani jibu limefichwa ili mapambo yapite.

Tuje kwenye viraka vya msimbo. Kiraka ni maandishi yanayoonyesha mabadiliko ya msimbo, na kila nafasi ndani yake ina maana. Ukikipitisha kwenye kihariri cha kupamba, tabo zinageuka nafasi za kawaida, mistari mirefu inavunjwa, na nafasi nyingine zinageuzwa zile zisizovunjika, ambazo kwa jicho zinafanana na za kawaida ila kompyuta inaziona ni herufi nyingine kabisa. Mtunzaji wa mradi anaendesha git am, amri ya kukiingiza kiraka kutoka kwenye barua, inakataa. Anakuandikia utume upya. Unatuma upya kwa njia ileile. Anachoka, kiraka kinaoza, halafu unaanza kulalamika kwamba mradi haupokei michango ya wageni.

Na amri za terminali je? Kihariri kinajitia kujua: vistari viwili vinakuwa kistari kimoja kirefu, alama za kunukuu zilizonyooka zinapinda. Mtu ananakili, anabandika, inagoma, anarudi kundini kuuliza. (Najua, atatokea mjuaji aseme kupinda kwa alama si kosa la HTML. Si kosa lake, ila hivyo viwili huishi nyumba moja.)

Wala msidhani ni sisi tu wakorofi. Orodha za barua pepe za watengenezaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwenye vger.kernel.org, zinarudisha barua yenye HTML, haijalishi wewe ni nani au kampuni yako ni kubwa kiasi gani. Nyaraka zao zina ukurasa mzima unaoeleza kila programu ya barua irekebishweje ili isiharibu kiraka. Kazi inaendelea, na sijasikia mtu akisema Linux imedumaa kwa kukosa rangi.

Usalama nao msiusahau. Kwenye HTML kiungo kinaweza kukuonyesha anwani moja na kukupeleka nyingine. Ni mojawapo ya njia za wezi wa nywila. Picha ya pikseli moja inaweza kumjulisha mtumaji kwamba umefungua barua, saa ngapi, na kutoka mtandao upi. Mwaka 2018 watafiti walitoa udhaifu uitwao EFAIL: barua iliyosimbwa (iliyofungwa kwa siri) kwa PGP au S/MIME, mbinu mbili za kazi hiyo, iliweza kuvujisha yaliyomo kupitia HTML. Programu ilisimbua barua, kisha ikayatuma maneno yake nje ikidhani inaomba picha. Mojawapo ya ushauri wa haraka uliotolewa ulikuwa kuzima HTML. Bado kuna mtu kundini anatuma barua zilizosimbwa zenye mandhari ya maua.

Faili za winmail.dat, zile ambazo Outlook huambatisha na programu nyingine nyingi hushindwa kuzifungua, sitazizungumzia, nitatukana.

Ila picha za ujumbe wa hitilafu lazima nizitaje. Mtu anapiga picha skrini, anaibandika katikati ya barua, anaandika "inaleta hii, nisaidieni." Hitilafu ni maandishi! Ilikuwa maandishi kwenye skrini yako, ukaigeuza picha, na sasa hakuna anayeweza kuinakili wala kuitafuta, na mwenzetu asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini, haambulii chochote. Nakili, bandika, tuma. Ni rahisi kuliko kupiga picha.

Kuna hoja moja tu ya upande wa pili ninayoipa uzito, nayo ni ya simu. Maandishi matupu yaliyokatwa kwa mikono kwenye herufi 72 husomeka vibaya kwenye skrini nyembamba. Mstari mmoja mrefu, mmoja mfupi, unaumwa macho. Suluhisho lilishaandikwa, linaitwa format=flowed, lipo kwenye waraka wa viwango vya intaneti RFC 3676 wa mwaka 2004: mstari unaoishia na nafasi unaruhusiwa kuunganishwa na unaofuata, na simu inaupanga upya kwa upana wake. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengi wa programu hawajajali kuliweka. Hasira hiyo wapelekeeni wao.

Kubadili si kazi. Kwenye programu ya barua ya Thunderbird ingia mipangilio ya akaunti, ondoa alama ya kuandika kwa HTML. Ukitaka mara moja tu, shika Shift unapobofya kuandika barua mpya. Gmail ya kwenye kivinjari ina vidoti vitatu chini ya dirisha la kuandikia, ndani yake utaona chaguo la maandishi matupu. Kwa viraka hata hiyo haifai, inageuza tabo. Tumia git send-email, amri inayotuma kiraka bila kupitia kihariri cha barua. Kwenye simu ya Android, K-9 Mail inakubali upange maandishi matupu moja kwa moja.

Sasa wasimamizi wetu wamependekeza seva iivue HTML kimyakimya kabla ya kusambaza barua. Napinga kwa nguvu zote. Kuivua kimya ndiko kulikotuletea ile amri ya kufuta faili isiyo na mstari wa kukata! Barua irudi kwa mwenyewe, iwe na maelezo mafupi ya kwa nini imerudi na jinsi ya kurekebisha. Atanuna siku ya kwanza, atazoea.

Risiti na matangazo ya bidhaa yapambwe yatakavyo, sina neno. Hapa naongelea barua za kazi zinazosomwa na mamia ya watu kwa programu tofauti. Wanaotetea HTML karibuni, jukwaa lenu, ila msije na "inapendeza."