Picha ya bibi imetoka na mawimbi usoni, nafasi ya mistari niweke ngapi?

Chipukizi wa Mbao
Wakuu habari zenu. Nina mashine ya leza ya dayodi, wati 10, ni mwezi wa pili sasa. Majina na nembo nachonga bila shida, ila picha za watu zinanitoa jasho.

Nimechonga picha ya marehemu bibi kwenye plaiwudi, upana milimita 150. Mara ya kwanza niliweka nafasi kati ya mistari inayochomwa na leza milimita 0.04, nikiamini mistari ikibanana ndiyo picha inakuwa safi. Bibi akatoka mweusi tii, macho na pua huvioni, kama mtu aliyepuliza moto akarudishiwa masizi. Mara ya pili nikaweka 0.1. Weusi ukapungua, lakini kwenye paji la uso na mashavuni yakaja mawimbi, kama mikunjo ya kitambaa chembamba. Kwenye kompyuta picha haina mawimbi hayo, nimeikagua mpaka macho yanauma. Niliitayarisha kwenye programu nyingine kwa DPI 300 (nukta 300 kwa kila inchi), ikiwa imeshageuzwa kuwa nukta nyeusi na nyeupe.

Tatizo ni mashine au mimi? Familia inaisubiri.

FundiMoto
Mashine haina kosa, mkuu. Picha yako ina safu 300 za nukta kwa kila inchi. Inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo ukiweka 0.1 leza inapita mara 254 tu. Safu 46 zilizobaki ziende wapi? Zinamezwa, moja hapa, moja pale, kwa mpangilio unaojirudia, na huo mpangilio ndio unaouona kama mawimbi. Picha ya kijivu ya kawaida ingekuvumilia. Ikishageuzwa nukta, kila nukta imewekwa pale ili kutengeneza kivuli fulani, ukiing'oa kivuli kinaharibika.

25.4 gawanya kwa nafasi ya mistari, jibu ndilo DPI. 0.1 ni 254, 0.08 ni 317.5, 0.12 inakaribia 212. Picha na mashine visome namba moja.

BabaNembo
Mnamchanganya kijana. Weka 0.1 kwa kila kitu. Nachonga hivyo mwaka wa tatu huu na hakuna mteja aliyerudisha kazi.

DadaLenzi
BabaNembo, 0.1 inakukubali kwa sababu huenda alama ya leza yako, yaani ule mstari inaouunguza kwenye mbao, ina upana huohuo. Si lazima na ya mwenzio iwe hivyo.

Chipukizi, usianze na DPI, anza na alama ya leza yako. Weka fokasi vizuri, chukua kipande cha plaiwudi ileile, jaza vimraba vya milimita 10 kwa nguvu na spidi utakayochongea picha. Cha kwanza nafasi 0.06, kinachofuata 0.07, endelea hivyo mpaka 0.14. Halafu shika kioo cha kukuzia. Vya mwanzo vitakuwa mkaa mtupu, mstari huuoni. Vya mwisho utaona mbao ikichungulia katikati ya mistari. Wewe tafuta kile ambacho mistari inagusana bila kupandana. Hiyo ndiyo nafasi yako, na ndiyo itakayokuambia DPI ya picha. Watu wengi huanzia kwenye picha, ndipo wanapopotea.

Usidanganywe na upana wa mwale ulioandikwa kwenye karatasi ya mashine. Mbao inaungua kuzidi pale mwale ulipogusa, na ukiongeza nguvu alama inanenepa. Kwa 0.04 kila mstari ulikuwa unachoma juu ya mwenzake, ndiyo masizi yale. Tena leza nyingi za dayodi nukta yake si duara, ni kama mstatili, kwa hiyo ukigeuza uelekeo wa kuchonga kwa digrii 90 rudia jaribio.

Chipukizi wa Mbao
Dada nimefanya. Yangu inagusana kwenye 0.12. Nimepiga hesabu: 150 gawanya kwa 0.12 ni pikseli 1250. Shida, picha niliyopewa ilitumwa kwa WhatsApp, ina upana wa pikseli 720, ile programu ndiyo iliyoikuza. Halafu niseme ukweli, baada ya kuitayarisha ilikuwa milimita 140, nikaivuta kona kwa mausi ifike 150 ijae kwenye ubao.

FundiMoto
Hahaha, kumbe hata hizo 300 hazikuwa 300! Ukivuta kutoka 140 hadi 150 zinabaki 280. Picha iliyokwisha kugeuzwa nukta haivutwi hata milimita moja. Ukitaka kubadili ukubwa, rudi kwenye picha ya kijivu, ipime upya, ndipo uigeuze.

DadaLenzi
Na kuikuza hakuongezi kope wala mikunjo ambayo haikuwemo. Tafuta ile ya karatasi uiskani. Ukishaipata una njia mbili. Iache ya kijivu, weka 0.12, programu ya mashine iigeuze yenyewe, hapo huna hesabu ya kulinganisha. Au igeuze mwenyewe ikiwa na pikseli 1250 kamili, kisha uiambie programu ipitishe picha bila kuigusa. Kwa mtu wa miezi miwili ningechagua ya kwanza. Hiyo ya pili utaitaka siku ukianza kuchagua mwenyewe kila nukta ikae wapi.

Chipukizi wa Mbao
Shangazi alikuwa nayo kwenye albamu. Nimeiskani, nimeiacha ya kijivu, 0.12. Mawimbi hakuna! Hata kile kidoti cha shavuni kimeonekana. Kilichobaki, ukingo wa kilemba una meno kama msumeno.

FundiMoto
Hayo ni ya kwenda na kurudi. Leza inachelewa kidogo kuwaka na kuzima, mstari wa kwenda na wa kurudi havikutani. Punguza spidi, au chonga upande mmoja tu uone kama meno yanaisha. Yakiisha, rekebisha kwenye setingi za mashine, maana upande mmoja utakula muda.

BabaNembo
Nimefanya hivyo vimraba vyenu. Yangu imegusana kwenye 0.1. Mnaona sasa?

DadaLenzi
Tunaona, mzee wangu. Sasa badilisha lenzi urudie.