Pete za aota ya panya mwenye kisukari hazilegei

Swali: Pete (vipande vya aota, mshipa mkuu wa damu) zimekazwa kwa noradrenalini, kisha asetilikolini ikaongezwa ili zilegee. Za panya wenye kisukari zinalegea kidogo tu. Ni ugonjwa, au mishipa imeharibika mezani?

Jibu: Jaribu nitroprusidi ya sodiamu, dawa inayolegeza msuli bila kutegemea endotheli. Zikilegea vizuri, msuli ni mzima. Hitilafu iko kwenye endotheli, utando wa ndani unaotoa nitriki oksidi, gesi inayolegeza msuli. Sukari ikizidi, supaoksidi (aina kali ya oksijeni) huongezeka na kuimeza gesi hiyo kabla haijafika kwenye msuli.

Jibu: Ila tazama kwanza pete za panya wasio na kisukari! Nazo zikigoma, koleo limekwangua endotheli. Kata milimita 3, usiguse ndani. Krebs, maji ya chumvi yanayowekewa pete, iwe nyuzi 37, ikipulizwa oksijeni 95% na kaboni dioksidi 5%.

Jibu: Na ukazo wa mwanzo ulingane kwa makundi yote mawili. Endotheli dhaifu huiacha noradrenalini ikaze zaidi, hivyo dozi ileile inapotosha.