Kisangani: Kiswahili kilifikaje mpaka kule katikati ya msitu?

Mjukuu wa Ujiji
Wakuu habari zenu. Kuna swali limenikaa kichwani siku nyingi. Mimi nimekulia Ujiji, bibi mzaa mama ni Mmanyema, amezaliwa Kasongo, na Kisangani huwa anaitaja kama vile ni kijiji cha jirani. Sasa juzi nimekaa na ramani nikashangaa, mji uko ndani huko Kongo kabisa, nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, msitu huku msitu kule, halafu jina Kiswahili kitupu na watu wanakiongea. Kwa nini mji wote ule uote palepale? Na lugha yetu ilifikaje? Shuleni Tippu Tip tulimsoma mistari mitatu tukapita. Mwenye kujua au aliyewahi kufika atufungue tafadhali.

Pwani hadi Bara
Mkuu anza na mto kwanza, watu watafuata. Ukitoka Kinshasa unapanda mto kama km 1,700 na meli, ukifika Kisangani umegota, hakuna mbele. Pale ndo yanaishia maporomoko ya Boyoma, zamani wazungu waliyaita ya Stanley, yako saba na yametandazwa kwenye km 100 hivi kuanzia Ubundu. Wengi wanafikiri ni maporomoko marefu ya kutisha, hapana, maji yanashuka kama mita 60 tu ukijumlisha yote saba, ila wingi wa maji yenyewe sasa, meli haipiti hata iweje. Kwa hiyo kila mzigo lazima ushushwe pale, na panaposhushwa mzigo patakuwa na ghala, wapagazi, wapishi, soko, wa kulala na wa kulaza, basi mji umeshaota. Baadaye Wabelgiji wakajenga reli ya km 125 kuyazunguka maporomoko mpaka Ubundu, ikafunguliwa 1906, lakini waliipitisha ukingo wa kushoto, ndo maana stesheni iko Lubunga ng'ambo wakati mjini penyewe ni ukingo wa kulia. Halafu kitu ninachokipenda, juu ya maporomoko mto unaitwa Lualaba, ukishayapita unaitwa Kongo.

Msomaji wa Usiku
Nami niongezee upande wa Kiswahili. Njia ni ileile unayoijua, Bagamoyo, Tabora, Ujiji kwenu, unavuka ziwa, unaingia Maniema, Nyangwe na Kasongo, halafu unashuka na Lualaba mpaka maporomokoni. Hamed bin Muhammad el Murjebi, ndo Tippu Tip mwenyewe, alimsindikiza Stanley kipande cha safari 1876 akarudi, Stanley akaendelea akayapita maporomoko Januari 1877 kwa kupigana na wenyeji. Stanley akaja kuweka kituo kisiwani pale mwisho wa 1883, na 1887 Mfalme Leopold akamfanya Tippu Tip kuwa liwali wa eneo lote la maporomoko. Hebu fikiria, Mzanzibari anakuwa gavana wa mfalme wa Ubelgiji katikati ya Kongo! Jina lenyewe linatokana na neno la kisiwa, na hiyo -ni ya mwisho ni ileile ya mjini na sokoni. Wabelgiji wakauita Stanleyville mpaka 1966 ndo jina la Kisangani likarudi. Na wale walioenda na misafara walijiita waungwana, ndo maana Kiswahili cha kule kikaitwa Kingwana. Biashara bwana inafikisha lugha mbali.

Dada Makiso
Msomaji nashukuru, ila hapo kwa biashara tuseme vizuri. Ilikuwa pembe na ilikuwa batu. Vijiji vilichomwa, na wengi waliojifunza Kiswahili mara ya kwanza walijifunza wakiwa wamefungwa. Lugha tunaipenda, ni yetu sasa, lakini njia iliyoileta haikuwa safi na miye sipendi ipitwe haraka.

Sasa niwaambie ya nyumbani, maana mimi ni mtoto wa Kisangani. Wenye maporomoko ni Wagenia, walikuwepo kabla ya Mwarabu na kabla ya Stanley. Kwenye mwamba mto wenyewe umechimba mashimo, basi wao wanasimamisha magogo mazima ndani ya yale mashimo, matatu matatu yanaegemeana, wanayakaza kwa kamba za msituni, na kwenye magogo wananing'iniza vikapu virefu vyenye umbo la faneli, vingine mutu mzima anaingia akajificha. Mdomo wa kikapu unaelekea maji yanakotoka, samaki akisukumwa na nguvu ya maji anaingia na hawezi tena kugeuka, yule mdogo anapenya anaenda zake. Mara mbili kwa siku wanakwenda kuangalia. Ukimuona mwanaume anatembea juu ya gogo lililolowa, chini maji yananguruma mpaka huwezi kusikia unachoambiwa, na anakivuta kile kikapu bila papara, utaelewa kwa nini hatuwezi kuuzungumzia mji huu bila wao.

Lugha ni mbili, Kiswahili kimetoka mashariki, Lingala imepanda na meli kutoka Kinshasa, zimekutana kwetu. Sentensi inaanza na moja inaishia na nyingine. Hata baiskeli za kubeba abiria zinaitwa toleka, ni Lingala, maana yake twende tupite. Chakula ni lituma, ndizi za kupika zilizopondwa, ukikuta na samaki wa mto umefika.

Pwani hadi Bara
Dada asante, umenirekebisha na mimi pia. Lakini vipi kuhusu vita, maana jina la Kisangani wengine tumelisikia redioni kwa mabaya tu.

Dada Makiso
Mengi mno. Lumumba alikuwa karani wa posta huku, hapa ndo alipokuwa na wafuasi, na mwisho wa 1960 alipotoroka Kinshasa alikuwa anakuja huku, wakamkamata njiani, Januari 1961 akauawa Katanga. 1964 waasi walioitwa Wasimba waliushika mji kuanzia Agosti mpaka askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka tarehe 24 Novemba. Lakini sisi tunaoishi tunaikumbuka zaidi ile ya siku sita, Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda wanapigana wao kwa wao ndani ya mji usio wao, mabomu yanaanguka kwenye nyumba za raia. 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, hiyo ni kwa madhara ya vita yote, si Kisangani peke yake. Rwanda kesi yake mahakama ilisema haina mamlaka nayo. Siku zile ukitaka kuvuka kwenda Lubunga hakuna mtumbwi, familia zimegawanyika ukingo huu na ule, mnaangaliana moshi tu. Basi, nisiendelee na hiyo.

Mjukuu wa Ujiji
Nimesoma yote mara mbili. Dada Makiso, ulipoandika "batu" nimesimama kidogo. Bibi anasema hivyohivyo, batu, batoto, banakuja, na sisi wajukuu tangu wadogo tulikuwa tunamrekebisha, "bibi sema watu", mpaka akifika mgeni anaongea polepole au ananyamaza kabisa. Sikuwahi kujua kwamba kuna mji mzima unaongea kama yeye. Jioni ya leo naenda kwake, nitamuuliza na habari za vikapu kama aliwahi kuviona.

Dada Makiso
Mwulize pia kama anajua kupika lituma. Na umusalimie sana, mwambie batu ba Kisangani banamusalimia.