Saitesheni za daktari wa malaria zimeingia kwenye profaili yangu ya kemia, nifanyeje?

Mkorosho Mpweke:
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nafundisha kemia chuoni. Fani yangu ni kemia isokaboni: natengeneza changamani za shaba na zinki, na ligandi (molekuli zinazoshikana na chuma katikati) nazipata kwenye mafuta ya maganda ya korosho. (Maganda ya bure, naenda na gunia langu tu.)

Nimeomba kupanda daraja. Fomu inataka idadi ya saitesheni (mara ambazo wengine wamenukuu makala zangu) na h-indeksi, namba inayopimwa kutokana na hizo saitesheni. Nikafungua profaili yangu ya Google Scholar, inayoorodhesha makala na kuhesabu saitesheni, ambayo sikuigusa miaka miwili, nikakuta 1,204! Nilifurahi dakika tano hivi. Kumbe kuna makala 11 za malaria za mtu tunayefanana jina. Huku kwetu akina Saidi Hamisi wako wangapi?

Shida ni kwamba mkuu wa idara aliiona ile namba kabla yangu, akaitangaza kikaoni, watu wakapiga makofi. Nikizitoa sasa nitaonekana nilizichomeka mwenyewe. Nikiziacha, usingizi sipati.

Kichwa Maji:
Mkuu acha kama ilivyo. Nani atakaa kuhesabu?

Bi Nyangao:
Watahesabu, tena vizuri. Kaka, makala zako zitapelekwa kwa wahakiki wa nje. Mkemia mwenzio akikuta dawa za mseto katikati ya shaba na zinki atacheka kwanza, halafu ataandika ripoti.

Ingia kwenye profaili, weka tiki kwenye zile 11, futa. Kisha kwenye mipangilio chagua ikuulize kabla ya kuongeza makala mpya, maana ikijiongezea yenyewe zitarudi. Halafu jisajili ORCID, utambulisho wa watafiti, ni bure, unapewa namba ya tarakimu 16 ambayo hamtagongana na Saidi yeyote. Zako halisi ni ngapi?

Mkorosho Mpweke:
Dada, naona hata aibu. Ziko makala 9. Zimenukuliwa mara 23, 14, 9, 6, 4, 3, 2, na mbili bado hazijaguswa na mtu. Jumla 61.

Babu wa Mikindani:
Mwanangu, aibu ya nini? Nimestaafu maabara, nina muda, ngoja nikuhesabie. H-indeksi ni namba kubwa kabisa ambayo makala zako za idadi hiyo zimenukuliwa angalau mara hiyo kila moja. Unazo nne zilizofika mara 4, ila huna tano zilizofika mara 5, kwa hiyo yako ni 4. Ile ya tano ina 4, ingekuwa na 5 ungepanda. Umebakiza saitesheni moja!

Kipimo hiki alikileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na mwenyewe alisema fani hazilingani, watu wa sayansi za viumbe huwa na namba kubwa. Usijipime na daktari wa malaria.

Tena kwenye fani yetu kuna kisa kitamu. Mwaka 2008 George Sheldrick aliandika historia fupi ya SHELX, programu ya kutafutia muundo wa fuwele. Kila aliyepata fuwele akawa anainukuu. Jarida lenyewe, Acta Crystallographica A, kipimo chake cha athari (wastani wa mara ambazo makala zake za karibuni hunukuliwa) kikaruka kutoka kama 2 hadi zaidi ya 49 kwa mwaka 2009. Makala moja tu! Kufika 2011 kikarudi kwenye 2. Sasa wale wengine waliochapisha humo 2009 waligeuka majabali?

Kichwa Maji:
Kama imebaki moja si ajinukuu mwenyewe kwenye makala ijayo, mchezo uishe?

Babu wa Mikindani:
Kama makala ijayo inaendeleza kazi ile, ainukuu, ni haki yake. Kuichomeka ili namba ipande, hapana. Wahakiki tunaiona hiyo toka mbali.

Mkorosho Mpweke:
Shikamoo babu, na asante dada. Nimezifuta zote, 61 imekaa pale peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Sasa barua ya kwa mkuu wa idara: niandike "nimekosea" au "nimesahihisha"?

Bi Nyangao:
"Nimesahihisha." Hukukosea wewe, mashine ilijiongezea. Ambatanisha orodha ya zile 9 na namba zake, na nakala ipeleke kwa wanaoshughulikia fomu yako. Ipeleke kesho asubuhi, kabla ya kikao kingine.

Kichwa Maji:
Mkuu, hayo maganda bado yapo? Nina tanuri la matofali.