TEN imepingwa, na mpiga nyatiti ameshakubali tarehe

Kutoka: Mpenzi wa Nyatiti, Leeds

Ndugu zangu, amani iwe kwenu.

Naandika nikiwa nimeudhika, lakini nitajitahidi kueleza kwa utaratibu. Wengi wenu mnafahamu kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nikiwafuatilia wasanii huru, wale wasio na kampuni nyuma yao, wanaopiga gita au zeze mbele ya watu wachache na kuuza santuri zao wenyewe mlangoni baada ya onyesho. Hakuna muziki ninaoupenda kuliko ule unaousikia ukiwa karibu kiasi cha kuona kidole kikihama kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana nikaandaa jioni moja katika ukumbi wa jamii wa mtaani kwetu, ambapo mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo wa Kenya, anayeishi hapahapa Uingereza angepanda jukwaani pamoja na waimbaji wawili wa nyimbo za asili za Kiingereza, ambao huimba bila ala yoyote.

Kodi ya ukumbi ilikuwa ilipwe kwa mauzo ya bia na mvinyo, kwa hiyo nilijaza TEN (Temporary Event Notice), fomu ya kuiarifu halmashauri juu ya tukio la muda lenye pombe au burudani. Ofisi ya leseni ya halmashauri yetu ikaihesabu kuwa ya kuchelewa, kwa maelezo kwamba Jumatatu ya mapumziko si siku ya kazi. Watu wa afya ya mazingira wakapinga kwa hoja ya kelele, na leo asubuhi nimepokea barua pepe fupi yenye ilani ya kuzuia shughuli. Msanii ameshakubali tarehe na watu wameshanunua tiketi.

Swali langu ni hili: je, zile pauni 21 nilizolipia fomu zinaweza kuhamishiwa kwenye tarehe mpya, na je, TEN iliyopingwa inahesabiwa miongoni mwa tano ninazoruhusiwa kwa mwaka? Sina leseni binafsi ya kuuza pombe.

Kutoka: Mama wa Kwaya, Bristol

Kaka wa Leeds, pole sana. Naielewa hasira yako, kwa sababu kwaya yetu ilipitia mlango huohuo. Sisi tulidhani kwamba tukipingwa tutaitwa kwenye kikao, tujieleze mbele ya madiwani kama watu wazima, tuwaonyeshe kwamba waimbaji wetu wengi ni akina mama wanaotaka kuwahi basi la mwisho. Hatukuitwa. TEN ya kawaida ikipingwa, kikao kipo; ya kuchelewa ikipingwa, hakuna kikao wala rufaa ya maana, shughuli imekufa. Polisi na afya ya mazingira wana siku tatu tu za kazi za kutoa pingamizi, na kwa fomu ya kuchelewa pingamizi moja linatosha.

Kwa faida ya wengine: ya kawaida inatakiwa ifike siku kumi kamili za kazi kabla ya tukio, na ya kuchelewa ni kati ya siku tano na tisa. Siku ya kupokelewa haihesabiwi, siku ya tukio haihesabiwi, na sikukuu za benki hazihesabiwi. Sisi siku hizi tunajaza fomu mara tu msanii anapokubali, hata kabla ya kuchapisha tangazo.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Vijana wangu, mbona mnajadili fomu ambayo pengine haikuhitajika? Toka itungwe Sheria ya Muziki wa Laivu ya mwaka 2012, muziki usiotumia vipaza sauti hauhitaji leseni yoyote kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku, popote pale. Wenye vipaza sauti nao unaruhusiwa katika sehemu nyingi, mradi wasikilizaji wasizidi mia mbili. Kilichomponza kijana wetu ni pombe. Aondoe pombe, onyesho liendelee tarehe ileile.

Nimekaa nchi hii tangu enzi ambazo baa ndogo ililazimika kuomba kibali hata kwa bendi ya watu watatu, na nasikitika kuona watu wanarudi wenyewe kwenye minyororo iliyokwisha kukatwa.

Kutoka: Msikilizaji, Leicester

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, naomba nisahihishe, kwa kuwa mtu akisoma hapa na kwenda kutangaza onyesho kwa kufuata maneno haya anaweza kupata hasara. Idadi ya mia mbili ilikwisha zamani. Tangu Aprili 2015 kikomo ni wasikilizaji 500. Halafu mwongozo wa kumbi za jamii ambazo hazina leseni ya pombe una sharti lake: kama vipaza sauti vinatumika, lazima msimamizi wa ukumbi awe ametoa idhini. Mambo haya mawili, muziki mtupu na muziki wa vipaza sauti, hayapaswi kuchanganywa katika sentensi moja.

Nauliza kaka wa Leeds: hiyo nyatiti inapigwa kavu au inawekewa kipaza sauti? Jibu lako ndilo litakaloamua kila kitu.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Nilisema mia mbili kwa sababu ndivyo sheria ilivyoandikwa ilipotungwa. Kwamba baadaye waliongeza ni jambo jema, lakini halibadilishi nililosema juu ya pombe.

Kutoka: Mpenzi wa Nyatiti, Leeds

Ahsanteni nyote. Kuhusu kipaza sauti, nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uzito, na nadhani afisa aliyeandika neno kelele hajawahi kuiona nyatiti.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelazwa mbele yake, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete nzito ya chuma ambayo huigonga kwenye ukingo wa mbao, huku njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Katika chumba kidogo ule mlio wa chuma unasikika bila msaada wowote, na unaingia kifuani. Tatizo ni nyuzi: watu wakianza kuitikia, zinamezwa. Ndiyo maana tulipanga kipaza sauti kimoja tu, kielekezwe kwenye nyuzi, na chombo kidogo cha sauti kilichowekwa sakafuni. Fomu haina mahali pa kueleza hayo. Inauliza kama kutakuwa na burudani, unaweka alama, na anayeisoma anajaza mwenyewe kichwani disko la mpaka alfajiri.

Kutoka: Mtoto wa Pwani, Glasgow

Jamani, mbona huku kwetu hatuna TEN? Mimi huomba leseni ya muda kwenye bodi ya leseni na sijawahi kupata shida. Pia nawakumbusha kwamba mnasahau PRS kabisa, kile chama kinachowakusanyia watunzi malipo ya nyimbo zao. Hata kama msanii anaimba nyimbo zake mwenyewe, mwandaaji analipa. Nilishangaa mara ya kwanza: rafiki yangu aliimba nyimbo alizozitunga mwenyewe, kwenye ukumbi niliokodi mimi, na bado ankara ilikuja.

Kutoka: Msikilizaji, Leicester

Dada wa Glasgow, Scotland ina sheria yake ya leseni ya mwaka 2005. TEN ni ya England na Wales tu, kwa hiyo uzoefu wako hauwezi kumsaidia mtu wa Leeds. Kuhusu PRS uko sahihi kwa nusu. Ankara inakuja kama mtunzi amejiunga na PRS au na chama cha nchi nyingine chenye mkataba na PRS, kwa maana haki ya kuimbwa hadharani ameshaikabidhi kwa chama. Fedha hiyo haipotei: mtunzi akipeleka orodha ya nyimbo alizoimba, sehemu yake inamrudia. Wimbo wa jadi usio na mtunzi hauna wa kulipwa, isipokuwa kama mtu amesajili mpangilio wake mpya. Kwa matamasha ya tiketi kiwango ni asilimia 4.2 ya mapato ya mlangoni. Ninawasihi waandaaji wote wamkumbushe msanii kupeleka hiyo orodha, kwa sababu wasanii huru wengi huiacha fedha yao mezani bila kujua.

Kutoka: Kaka wa Kusini, London

Nimesoma mjadala huu nikakumbuka mambo mengi. Ayub Ogada, mwanamuziki wa Kenya, alipohamia Uingereza miaka ya themanini alikuwa akipiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi hapa London, watu wakimpita na mikoba yao. Mwaka 1993 ikatoka albamu yake kupitia lebo ya Real World, na dunia ikasimama kusikiliza ala ileile. Hukwe Zawose naye, mwana wa Wagogo aliyeishi Bagamoyo, alipita njia ya lebo hiyohiyo, na mwaka 2024 bintiye Pendo na mjukuu wake Leah wakatoa albamu yao hapohapo. Anayepiga ilimba, ala ya Wagogo ya vibao vya chuma juu ya sanduku, huziba tundu la sanduku kwa utando wa buibui ili sauti ipate ule mvumo wa nyuki. Mjaribu kuueleza mvumo huo kwenye fomu ya halmashauri!

Nikifika mwezi wa Februari moyo wangu uko Ngome Kongwe, Zanzibar, kwenye tamasha la Sauti za Busara, mtu umekaa juu ya nyasi usiku, kuta za mawe zimekuzunguka, na kikundi ambacho hujawahi kukisikia kinapanda jukwaani bila mbwembwe. Tamasha lile lilianza mwaka 2004, na mwaka 2016 lilikosa kufanyika kwa sababu ya fedha. Hata hapa hali si nzuri: Cambridge Folk Festival, iliyoanza mwaka 1965, haikufanyika mwaka 2025. Serikali zote mbili zinapenda kupiga picha na wasanii, lakini jukwaa dogo linaachwa life peke yake. Angalau tungeweza kuwaleta wasanii wa nyumbani kwa urahisi. Nasikia siku hizi ukiwa na CoS, ile hati ya udhamini ya mwenyeji wako, huhitaji viza, unapita tu uwanja wa ndege.

Kutoka: Msikilizaji, Leicester

Hapana, kaka, na tafadhali usilieneze hilo. Nafuu hiyo ya kuingia kwa CoS bila viza, kwa muda usiozidi miezi mitatu, ni ya raia wa nchi ambazo hazihitaji viza ya kutembelea Uingereza. Pasi ya Tanzania na ya Kenya hazimo. Msanii wetu anaomba viza kabla ya kusafiri: ama ya Creative Worker, yaani ya kazi za sanaa, akiwa na CoS, ama ya mgeni wa kawaida kwa mwaliko wa kulipwa, na katika njia hii ya pili kazi yenyewe lazima ifanyike ndani ya siku 30 tangu aingie.

Kutoka: Mtoto wa Pwani, Glasgow

Na msisahau ala yenyewe. Mwenzetu mmoja aliogopa kusafiri na zumari ya mpingo kwa sababu mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Kutoka: Mama wa Kwaya, Bristol

Mpingo uliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zimeondolewa sharti la kibali. Mwenzenu asafiri na zumari yake.

Sasa naomba turudi Leeds, maana kaka aliuliza juu ya pauni 21 na juu ya hesabu ya zile tano, na hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu.

Kutoka: Mpenzi wa Nyatiti, Leeds

Nitawapigia simu ofisini Jumatatu niwaulize wao wenyewe. Kwa sasa nimeamua kwamba tarehe haibadiliki. Pombe naiondoa, tutamaliza kabla ya saa tano usiku, na kodi ya ukumbi nitaitafuta kwenye tiketi. Nimezungumza na mpigaji, naye amekubali kupiga bila kipaza sauti iwapo watu wataketi kwa duara na yeye katikati, sakafu ya mbao ikiwa wazi bila zulia ili pete ya mguuni isikike vizuri. Waimbaji wale wawili wamefurahi kuliko alivyofurahi yeye, kwani hivyo ndivyo walivyozoea kuimba. Nafasi bado zipo, na wa Bradford na Wakefield mnakaribishwa.

Kutoka: Msikilizaji, Leicester

Uamuzi mzuri. Hata hivyo, mwombe msimamizi wa ukumbi idhini kwa maandishi leo hii, ili mkilazimika kuwasha kile kipaza sauti kimoja dakika ya mwisho muwe ndani ya sheria. Mimi nakuja, niwekee viti viwili vya mbele.