Gumzo la waratibu wa sangha (jumuiya ya Wabudha): ujumbe kabla haujatumwa

Musa: Habari za jioni ndugu zangu. Mwenzetu mmoja ameleta ujumbe, anaomba tumsaidie kuurekebisha kabla hajauweka kwenye kikundi kikubwa. Ni ule mvutano wa kutafakari dakika 40 au 25. Amemwandikia aliyeongeza muda: "Ndugu, kila mara unaamua peke yako. Huwajali wenye magoti mabovu. Hii si sangha tena."

Neema: Kwanza kabisa asiuweke kwenye kikundi kikubwa. Halafu aupitishe kwenye yale mambo matano ya mwenye kumkosoa mwenzake: wakati unafaa? ni kweli? maneno ni ya upole? yana faida? moyoni mna metta, yaani upendo na nia njema, au mna kinyongo?

Tumaini: Kwenye "kweli" tu umeshakwama. "Kila mara" lini na lini? Ataje kikao kimoja na kilichotendeka. "Huwajali" ndiyo mbaya zaidi, maana moyo wa mtu hakuna aliyeuona. Kilichoonekana ni kwamba muda uliongezwa na watu hawakuulizwa.

Musa: Atasema tunamfunga mdomo. Kaumia kweli.

Tumaini: Aseme kaumia! Kauli njema haimaanishi kumeza uchungu. Budha alimweleza mwana wa mfalme Abhaya kwamba neno la kweli lisilo na faida halisemi kabisa. La kweli lenye faida hulisema hata kama halimpendezi msikilizaji, ila hulitafutia wakati wake. Kwa hiyo linalochoma linaruhusiwa.

Mzee Yakobo: Wanangu, kumbukeni ugomvi wa watawa wa Budha kule Kosambi. Mtawa mmoja aliacha maji kwenye chombo cha chooni. Mtaalamu wa kanuni akamwambia ni kosa, kisha akakubali kwamba bila kukusudia si kosa. Hapo yangekwisha. Lakini akaenda kuwaambia wanafunzi wake kwamba yule ana kosa na halioni. Wanafunzi wakawafikishia wanafunzi wa mwenzake, naye akajibu: basi mwalimu wenu mwongo. Sangha ikapasuka. Budha aliwasihi lakini hawakumsikia, akaenda zake kukaa msitu wa Parileyyaka. Mpaka waumini walipokataa kuwapa chakula ndipo wakarudi kuombana radhi.

Neema: Na ndiyo maana naogopa kikundi kikubwa, Mzee. Ukiandika pale umeshawaita wanafunzi wa pande zote mbili. Mwenye kukosolewa hawezi kukiri mbele ya watu wote, atajitetea tu. Na picha za skrini za mazungumzo ya faragha zisisambazwe hata kwa "kuomba ushauri". Katika kanuni za watawa, miongoni mwa makosa ya pachitiya, yaani yale ya kuungamwa, la kwanza ni uongo, la pili matusi, la tatu ni kupeleka maneno ya huyu kwa yule ili kuwafarakanisha.

Musa: Sasa aanzeje?

Mzee Yakobo: Aombe nafasi. Katika Vinaya, ndizo hizo kanuni za watawa, mtawa hamtajii mwenzake kosa kabla ya kumwomba ruhusa. Na mwisho wa vasa, yaani mafungo ya msimu wa mvua, kwenye ibada ya pavarana, kila mtawa mwenyewe huwaalika wenzake wamwambie walichokiona, walichokisikia au wanachokishuku. Mlango unafunguliwa na aliye ndani.

Tumaini: Mimi ningeandika hivi, na nimtumie yeye peke yake: "Ndugu, kuna jambo la kikao kilichopita ningependa tuzungumze. Una nafasi lini?" Basi. Asiweke hata robo ya lawama humo. Wakikutana, aseme: "Muda ulipoongezwa hadi dakika 40 bila kutuuliza, niliumia, maana kuna wasioweza kukaa hivyo. Ulikuwa na sababu gani?" Kisha anyamaze asikilize. Jambo moja, swali moja. Ya zamani asiyachomekee.

Musa: Aanze na sifa? Kule Plum Village, kituo alichoanzisha Thich Nhat Hanh Ufaransa mwaka 1982, wana utaratibu wa kupatana uitwao Kuanza Upya: kumwagilia maua, yaani kumsifu mwenzako, kueleza majuto yako, kueleza ulivyoumia, kuomba msaada.

Neema: Nzuri, lakini watu huiharibu kwa kuziharakisha zote nne siku moja. Sifa zikija dakika mbili kabla ya lawama, mtu hujifunza kuogopa kusifiwa. Maua yamwagiliwe hata wakati hakuna ugomvi. Na mmoja akisema, wengine hawajibu mpaka amalize.

Musa: Je, akikataa kukutana?

Mzee Yakobo: Angoje, aombe tena. Akikataa tena, atafutwe mtu wanayemwamini wote wawili.

Tumaini: Ila tusichanganye mambo. Mtu akiguswa vibaya, au fedha za sangha zikipotea, hakuna kungoja ruhusa wala kuambiwa "sema kwa upole". Aje kwa waratibu siku hiyo hiyo. Nimeona "kauli njema" ikitumika kuwanyamazisha walioumizwa, na hilo silikubali.

Neema: Naunga mkono kabisa.

Musa: Nimemrudishia, amekubali kuanza na ule mfupi. Muda wenyewe tutaujadili kikao kijacho. Nani ashike kengele?

Mzee Yakobo: Asiwe mtu wa dakika 40 wala wa 25. Anayetaka kusema aunganishe viganja. Akimaliza, kengele, pumzi tatu, ndipo mwingine aanze. Sauti zikipanda, kengele tena.

Neema: Nitashika mimi, sina upande.